Mwali Unaojipima Wenyewe

Baba mkwe wangu alinifundisha kuchomelea bila kunishika mkono hata siku moja. Watu wa kazi hii wakisikia hivyo wanacheka, kwa sababu fundi humkamata mwanafunzi kifundo cha mkono, akampandisha, akamshusha, mpaka mkono uzoee. Lakini mimi ni mke wa mwanawe mkubwa. Kwao mzee ni kule milimani, bara ya Kilwa, na huko alikolelewa, mkwe wa kike na baba mkwe hawaketi mkeka mmoja wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mpaka leo nikitaka kumpa nyundo naiweka mezani, nasogea, ndipo anaichukua. Kushikana mikono juu ya chuma cha moto, mbele ya wapita njia wa mtaa wetu wa Mtanda, hilo halikuwa la kufikirika.

Basi akanifundisha kwa masikio.

Karakana yetu ni banda la mabati lililoegemea nyumba yake. Upande mmoja wa ukuta ni meza ya kuchomelea, upande wa pili ni baraza yake na kiti chake cha kamba. Mimi nikawa hapa, yeye kule. Siri ya kuchomelea kwa fimbo iko kwenye ile nafasi ndogo kati ya ncha ya fimbo na chuma, ambamo mwali wa umeme unaruka. Nafasi ikiwa sawa, mwali unalia kwa ulaini kama samaki kwenye mafuta yaliyokolea moto. Ikizidi, unavuma na kutema cheche. Ikipungua, unakoroma, halafu fimbo inanasa na kung'ang'ania chuma. Na kwa kuwa fimbo inayeyuka na kufupika, mkono lazima ushuke nayo muda wote, taratibu, bila kukosea.

"Ndefu!" ilikuwa ikija sauti kutoka barazani. Nashusha mkono.

"Fupi! Fupi hiyo, unataka kulala juu yake?" Napandisha.

Miezi minane nilisikia maneno hayo mawili kuliko nilivyosikia jina langu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Kuna siku nilitupa fimbo chini nikasema kwa sauti, "Si aje achomelee mwenyewe!" Barazani nikasikia kikombe cha chai kikiwekwa kwenye kisahani na mzee akicheka peke yake. Siku ya pili yake nikachomelea dirisha zima bila kusikia neno. Nikadhani amelala. Nilipotoka kuchungulia, alikuwa hajalala, ameegemea ukuta, amefumba macho tu kama mtu anayesikiliza kaswida.

Mume wangu ni dereva wa lori na hana habari na chuma. Yeye akishika fimbo, fimbo inanasa, anatukana, mchezo umeishia hapo. Kwa hiyo karakana ikawa yangu na ya baba yake. Mageti ya Mtanda mengi unayoyaona yana mkono wangu, na ukifika Mingoyo, ile meza ndefu ya chuma ya muuza chipsi hapo njia panda ni yangu pia. Najisifu, ndiyo. Nimeungua vya kutosha kupata haki hiyo.

Miaka miwili iliyopita baba mkwe alipata kiharusi kidogo. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi kwa msaada wa bakora, mkono wa kulia ukarudi na mtetemeko. Haukuwa mkubwa. Kijiko kilifika mdomoni na mchuzi ulibaki ndani. Ila kuchomelea hakutaki hata robo ya mtetemeko huo. Alijaribu mara moja, kwenye fremu ya dirisha. Fimbo ikanasa, akaing'oa, ikavuma, ikanasa tena. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mabomba nikiomba Mungu. Akaivua kinga ya uso, akaifuta vumbi vizuri, akaitundika msumarini, akaenda kukaa barazani. Hakuigusa tena.

Sasa alikuwa amebakiwa na binti mmoja wa kuoza, wifi yangu wa mwisho, mchekeshaji anayeuza vitenge mjini Lindi. Na mzee alikuwa na sheria yake, ambayo si ya kabila wala ya dini, ni ya kichwa chake kigumu tu: binti yake hawezi kulala juu ya kitanda alichochomelea mtu mwingine. Mabinti wawili wa kwanza waliondoka na vitanda vya chuma alivyotengeneza yeye, na hivyo vitanda, nakuapia, vitarithiwa na wajukuu. Siku posa ya huyu wa tatu ilipopokelewa, kutoka kwa kijana wa Kinjumbi, mzee alisema mbele ya wageni wote, "Na kitanda nitakitengeneza mimi." Wageni wakautazama mkono wake, halafu wakatazama sinia la halua.

Harusi ilikuwa baada ya Idi Kubwa. Tulikuwa na miezi mitatu.

Wifi yangu alinifuata karakana kesho yake, amejifunga mtandio kwa hamaki. "Wifi, kitengeneze wewe kimyakimya. Tutasema kakifanya Baba."

"Tutasema kwa nani?"

"Kwa watu."

"Na yeye? Wewe hujui kuwa baba yako anajua sauti ya mkono wangu? Nikiunga viungo vitatu tu ameshajua."

"Basi tumpeleke sokoni siku hiyo."

"Kitanda kina viungo arobaini, wala hakiishi siku moja. Utampeleka sokoni mara arobaini? Atadhani tunataka kumuuza."

Tukacheka mpaka tukashika mbavu, kisha yeye akaanza kulia, kwa sababu kumbe kulikuwa na jingine lililokuwa likimsumbua. Hakujali kitanda, alisema. Angelala hata kwenye mkeka. Alichoogopa ni baba yake kuja kuaibika mbele ya watu kwa ajili yake. Nilimwambia aniachie. Sikuwa na wazo lolote kichwani, lakini nilimwambia hivyo.

Wazo lilikuja kwa njia ya duka la vifaa pale mjini, duka la familia moja ya Kihindi ambayo ipo Lindi tangu enzi za babu wa babu yao. Mwenye duka ananiita "fundi mama" na mlango wake wa kukunja nimeutengeneza mimi. Siku hiyo nilikwenda kununua fimbo, akaniita kaunta ya nyuma, akafunua boksi. Ndani mna mashine nyekundu, ndogo kuliko begi la shule, na gurudumu la waya mwembamba.

"Hii haitumii fimbo," akasema. "Unabonyeza, waya unatoka wenyewe. Ile dawa ya kwenye ganda la fimbo, huku iko ndani ya waya. Ilikuja kwa mteja mmoja, hakuirudia. Chukua, jaribu, ukishindwa rudisha."

Nilikuwa nimesikia habari za mashine hizo kwa mafundi wa Dar. Nilizidharau. Nilidhani ni za watu wasiojua kazi.

Siku ya kwanza nilitia aibu. Nilibonyeza, waya ukatoka, mwali ukawaka, na mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya kwa miaka saba: ukaanza kushuka. Fimbo hufupika, mkono hushuka, ndivyo nilivyofunzwa. Lakini huku hakuna kinachofupika. Waya unajileta wenyewe. Mimi nashuka na waya nao unashuka, mpaka mdomo wa kishikio, unapotokea waya, ukatumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka na kuziba. Nikausafisha, nikarudia, ukaziba tena. Mara nne.

"Leo unakaanga nini humo?" baba mkwe akauliza kutoka barazani.

"Vitumbua, Baba."

"Vinaungua."

Nilimeza hasira. Jioni yake nikausemesha mkono wangu kama mtoto: tulia, usishuke, hii si fimbo. Siku ya tatu ukakubali.

Siku ya tano ikawa chafya. Nilikuwa nafunga kona ya geti, vumbi la kutu likanipanda puani, nikapiga chafya moja kubwa huku mashine inawaka. Kwa fimbo, chafya maana yake ni kuanza upya: fimbo imenasa au mwali umekatika. Safari hii sauti ilipungua kidogo, ikarudi pale pale. Nikazima. Nikagonga maganda yaliyofunika mstari wa chuma, nikatazama. Mstari ulikuwa mzima.

Nilisimama pale kama mjinga. Halafu nikachukua kipande cha chuma kibovu, nikawasha, na nikautetemesha mkono kwa makusudi. Juu, chini, juu, chini. Mwali ukaendelea kulia vile vile. Nikautetemesha zaidi. Vile vile. Ilinichukua siku nzima ya kutazama na kuuliza dukani ili nielewe kinachotokea mle ndani, na nitakieleza mahali pake. Wakati ule nilielewa kitu kimoja tu, na nilisahau hata kuvua kinga ya uso.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Badala ya kukaa chini kupanga maneno, nikapaza sauti: "Baba, naomba unisikilize!"

"Endelea."

Nikawasha, nikatembeza mstari wa shibiri nzima, mkono ukitetemeka muda wote.

"Sawa," akasema. "Sawa kabisa. Leo umetulia."

"Sijatulia, Baba. Njoo uone!"

Nikasikia bakora. Akaja, akachukua kinga yake msumarini kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akasimama upande wa pili wa meza. Nikawasha tena, nikatetemesha. Wallahi sikukusudia, lakini mkono ule nimeishi nao miaka miwili, nimeuona ukishika kikombe, ukishika tasbihi, ukivaa kofia. Mkono wangu ulipotetemeka haukutetemeka kwa namna yake wenyewe. Ulitetemeka kama wa kwake, kwa mapigo yale yale.

Akaivua kinga. "Unaniigiza?"

"Hapana, Baba, mashine ndiyo—"

"Mkwe wangu ananiigiza ugonjwa wangu."

Akaitundika kinga, akaondoka. Hakukaa barazani jioni hiyo, wala kesho yake, wala siku mbili zilizofuata. Nilichomelea mbele ya ukuta ulionyamaza. Hakuna "ndefu," hakuna "fupi," hakuna kikombe. Nilijua sasa kwamba maneno yale mawili yaliyokuwa yakinikera ndiyo yaliyokuwa yakiniamsha asubuhi kuja kazini. Niliumia, na nilijilaumu, kwa sababu kwetu mkwe kumuigiza mzazi maradhi ni jambo ambalo watu hulihadithia kwa kushika mdomo.

Siku ya nne mama mkwe akaniita. Nilimkuta sebuleni, ameketi mkekani, na pazia la chumbani limeteremshwa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasikia umemuigiza baba yako mkono."

"Nimeutikisa mkono, Mama, ila si kwa kumcheka. Naomba radhi, kwako na kwake. Nilitaka aione mashine."

"Mashine ina nini?"

Basi nikamweleza, na hapa ndipo mahali pake. "Mama, mashine inasukuma waya mbele kwa mwendo mmoja, haubadiliki. Mkono ukirudi nyuma, nafasi inakuwa ndefu, umeme unapungua, kwa hiyo waya unayeyuka polepole. Lakini bado unasukumwa, basi unaifukuzia ile nafasi mpaka unaijaza. Mkono ukisogea mbele, nafasi inakuwa fupi, umeme unaongezeka, waya unaungua haraka, ncha inarudi nyuma yenyewe. Mkono unacheza, nafasi haichezi."

Mama mkwe hajawahi kushika nyundo, lakini amepika maisha yake yote. "Yaani moto unajipunguza na kujiongeza wenyewe, mpishi akisinzia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na uliutikisaje huo mkono?"

Nikamwonyesha. Akautazama, akabana midomo, mabega yakaanza kumcheza, akajifunika uso na upande wa khanga. "Astaghfirullah," akasema, "ni wenyewe kabisa!" Na mimi nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili pale mkekani, tukijaribu kucheka bila sauti.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Na mkono ukicheza pembeni, je?"

Alikuwa baba mkwe. Lilikuwa swali la fundi. Nilitamani kudanganya, nikashindwa. Mtu huyu alinisikiliza miaka saba bila kunidanganya hata mara moja. "Pembeni mashine haisaidii, Baba. Juu na chini tu. Pembeni ni juu ya mkono wenyewe."

Nikaona nimelifunga jambo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaaga, nikaondoka.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilimkuta karakana kabla yangu. Amevaa koti lake la kaki, lile la zamani lenye matundu ya cheche, na chuma kibovu ameshakibana mezani.

"Waya unaingilia wapi?"

Nikauvuta waya, nikakiweka kishikio mezani, nikasogea. Akakichukua. Mstari wa kwanza ulikuwa mbovu, kwa sababu na yeye alishusha mkono, kama nilivyoshusha mimi. Mdomo ukaziba, na nikasema, "Vitumbua, Baba," kabla sijajikumbuka. Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko kile cha barazani, ila safari hii kilikuwa mbele yangu.

Mstari wa pili ukaenda. Mwali ukalia sawasawa mwanzo hadi mwisho. Aligonga maganda mwenyewe, akainama, akatazama kwa muda. Mtetemeko wa juu na chini haukuonekana popote. Ule wa pembeni ulionekana wote: kushoto kulia, kushoto kulia, vijimikunjo vilivyopangana kama ukili wa mkeka. Sasa, fundi yeyote anajua kwamba ukitaka mstari mpana na wenye nguvu unausuka, yaani unaupeleka mkono kushoto na kulia kidogo kidogo huku unasonga mbele. Ni ujuzi. Mimi ulinichukua mwaka.

"Mama wee!" mzee akapiga kelele. "Njoo! Njoo uone! Mkono wangu unasuka wenyewe!"

Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi, akautazama ule mstari bila kuelewa chochote, akapiga vigelegele. Mwenye genge wa jirani akaitikia bila kujua sababu. Mimi nilikaa chini juu ya ndoo ya rangi nikafuta macho kwa mkono wa koti.

"Wewe nenda barazani," baba mkwe akaniambia. "Kaa usikilize. Nikikosea niambie."

Nikaenda, nikakaa kizingitini, si kwenye kiti chake. Akaanza na miguu ya kitanda. Nilisikiliza wiki nne. Viungo arobaini, kimoja au viwili asubuhi, vitatu akiwa na nguvu, na alipochoka aliulaza mkono wa kulia juu ya wa kushoto na kungoja. Nilisema "Sawa, Baba," "Sawa, Baba," na siku moja tu nilisema "Ndefu!" kwa kuwa alikuwa amesimama mbali mno hata kwa mashine. Akajibu, "Nimesikia, fundi." Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Kitanda kilipokamilika ilibaki kazi ya kumalizia. Ile ni kazi yangu: kupiga grenda viungo vyote mpaka viwe laini, mtu apitishe mkono asijue chuma kiliungwa wapi. Vitanda vya mabinti wawili wa kwanza vilifanywa hivyo, na ndivyo kazi safi inavyotakiwa. Wifi yangu alikuwa amekuja kukiona, amesimama mlangoni, hajathubutu kukigusa. Nikawasha grenda, nikainama kwenye kona ya kichwani.

"Usipige grenda," baba mkwe akasema.

Nikazima. "Baba, mistari itaonekana."

"Acha ionekane."

Wifi akasogea. Akapitisha vidole kwenye ule mkunjo, kushoto kulia, kushoto kulia, akafika mwisho wa kiungo, akarudi mwanzo. Hakuuliza ni mkono wa nani. Akaenda kiungo cha pili, halafu cha tatu, akakizunguka kitanda chote hivyo, na baba yake amesimama ameegemea bakora, ametazama juu kwenye mabati.

Kitanda cha chuma hapa pwani hupakwa rangi mikono miwili, mara nyingine mitatu, kwa sababu ya chumvi. Hiki nilikipaka mkono mmoja tu, mwembamba, ili mkono wa Baba usifunikwe.